Kabla hujapeleka pikipiki kuukuu kwenye mbio za vumbi

Huku kwetu Tanga njia za ndani ya mashamba ya mkonge zimenyooka kama rula. Ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na matrekta miaka nenda miaka rudi, na kijana mwenye pikipiki akiitazama ile njia moyo unamwenda mbio. Wawili wanajipanga mstarini, mtu anashusha kitambaa, na mita 201 mbele amesimama mwamuzi wa kuona nani katangulia. Hizo mita 201 ni nusu ya ile robo maili ya wanaoshindana kwenye lami. Hakuna kona, hakuna mlima, na yote yanaisha kabla hujahesabu kumi na tano. Ndiyo maana wengi wanaamini hakuna cha kuandaa: pikipiki ikishika moto, twende. Naandika kwa ajili ya hao, hasa waliorithi au kununua Yamaha DT za zamani, zile zilizozunguka vijijini na mabwana shamba na mapadri. Nimezifungua na kuzifunga kwa mikono yangu, najua zinapouma.

Ruhusa kwanza. Mwenye shamba ajue, serikali ya kijiji ijue. Barabara ya umma haiguswi, hata saa kumi na moja alfajiri.

Vua taa, indiketa, vioo na kila kitu kinachoweza kupasuka. Watu wakianza kupunguza uzito huwa hawajui pa kuishia, wanavua na kifuniko cha sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Kiache. Mnyororo ukikatika unajikusanya pale pale, na bila kifuniko mguu wako ndio utakaoupokea. Na ukifunga mnyororo, ile klipu ya kiungo upande wake uliozibwa uelekee mnyororo unakokwenda. Ukiifunga kinyume, jiwe moja tu linaing'oa. Legezo la mnyororo lipime mtu mzito akiwa amekaa juu ya kiti, siyo pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Pitia kila nati kwa spana, usipitie kwa macho. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likigonga, beringi imekwisha. Halafu chukua spana ndogo, zungusha tairi taratibu huku ukigonga spoku mojamoja. Iliyokaza inalia ting. Iliyolegea inatoa mlio mfu, kama umegonga kijiti. Ukikuta tatu au nne za jirani zimelegea usizikaze kwa hasira, utapinda rimu. Mtafute fundi baiskeli mzee, wale ndio wanaojua kunyoosha rimu kwa sikio.

Kwenye injini, kumbuka hizi ni za kuchanganya oili na petroli. DT nyingi zilikuja na pampu ya kujichanganyia yenyewe, lakini pampu iliyolala miaka kumi siiamini. Mimi naiondoa kazini na kuchanganya kwa mkono, sehemu moja ya oili kwa sehemu 32 za petroli, maana yake lita 5 za petroli zinataka oili kama mililita 156. Tumia kipimo cha dawa, usikisie kwa kifuniko cha chupa. Kisha zitazame sili za krenki, zile pete za mpira zinazoziba ncha mbili za shafti ya injini, kwa sababu mpira ukikaa bila kazi unakuwa mgumu kama kwato. Ya kushoto, upande wa magneto inayozalisha umeme wa plagi, ikivuja injini inavuta hewa isiyopitia kabureta: inachemka, na ukiachia resi inakawia kushuka. Ya kulia, upande wa klachi, ikivuja injini inakunywa oili ya giaboksi na kutoa moshi mzito mweupe. Dalili yoyote kati ya hizo, hushindani wiki hiyo. Baada ya kukimbia mara moja kwa majaribio, vuta klachi, zima hapo hapo, toa plagi. Ikiwa ya kahawia, uko salama. Ikiwa nyeupe kama mfupa, petroli haitoshi na pistoni iko njiani kuungua. Rudi kwenye jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli.

Chujio la hewa usilitoe. Nawasikia wanaosema injini inapumua vizuri bila chujio, na sibishani nao kuhusu upumuaji. Nabishana nao kuhusu vumbi jekundu, linalokwaruza silinda na kuingia kwenye kabureta hadi ile slaidi ya ndani, inayopanda ukifungua resi, ikwame ikiwa juu. Na resi ikikwama juu, ndipo tunafika nilipotaka kufika.

Mwaka 2016 nilikuwa na DT 175 ambayo niliipenda kuliko ilivyostahili. Niliiandaa kwa miezi miwili: pistoni mpya, ringi mpya, klachi mpya. Asubuhi ya mashindano niliiwasha uani, nikabonyeza swichi ya kuzimia, ikazima. Nikabonyeza tena, ikazima. Nikaridhika. Aliyeiendesha siku ile alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kwa sababu yeye ni mwepesi kuliko mimi na anajua kutoka mstarini.

Mara mbili alishinda. Mara ya tatu alipovuka mstari wa mwisho hatukusikia ule mlio wa injini kushuka. Mtu aliyezoea pikipiki anajua ukimya mdogo unaokuja mtu akiachia resi. Haukuja. Mlio uliendelea kupanda. Mbele yake watu walikuwa wamesogea hadi katikati ya njia ili waone vizuri. Alivuta klachi, injini ikapiga yowe ambalo hajawahi kulisikia, akashtuka akaiachia. Pikipiki ikaruka mbele. Akakata kushoto kuwakwepa watu, akaingia kwenye mkonge. Aliyewahi kufanya kazi shambani anaujua mwiba ule ulio kwenye ncha ya kila jani. Tulimkuta amelala kati ya mistari miwili ya mkonge, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, mwiba umeingia kwenye mkono ukatokea upande wa pili. Gari hatukuwa nalo. Tulimpakia mshikaki kwenye bodaboda, mtu mmoja nyuma akiwa amemshikilia na mguu umefungwa kwa vipande viwili vya boriti la mkonge, hadi barabara kuu.

Hospitalini alirudia jambo moja tu: "Niliibonyeza, kaka. Niliibonyeza."

Sikumwamini. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kweli, na inaniuma hadi leo. Nilidhani kwa hofu alisahau. Baada ya siku mbili niliinyoosha pikipiki stoo, nikapiga kiki, ikawaka. Nikabonyeza swichi, ikazima kama kawaida. Nikaiwasha tena, safari hii nikakata usukani kushoto hadi mwisho, nikabonyeza. Injini ikaendelea kunguruma. Nikabonyeza hadi kidole kikauma. Inanguruma tu.

Waya wa kuzimia kwenye pikipiki hizi, ule mweusi wenye mstari mweupe, unapita shingoni mwa fremu pale usukani unapojipinda. Miaka thelathini ya kukata kushoto na kulia ilikuwa imeukata kwa ndani. Gamba la nje zima kabisa. Nililichana kwa wembe: shaba imeota kutu ya kijani, na kati ya ncha mbili pana pengo la punje ya mchele. Usukani ukinyooka ncha zinagusana. Ukikata kushoto zinaachana. Na magneto inazimwa kwa kuupeleka umeme wake kwenye bodi, yaani chuma chenyewe cha pikipiki. Waya ukikatika, hakuna njia ya kwenda, injini haina habari kwamba umebonyeza kitu. Nikafungua na mkono wa resi. Ndani, kwenye kichwa cha waya wa resi, nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na kujikunja kama ndoano, zimejishika ukingoni mwa kasha lake. Waya ule ulikuwa wa zamani. Nilinunua pistoni ya bei kubwa nikaacha waya wa resi wa bei ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo sikiliza. Waya wa resi unanunua mpya, huusafishi, huupaki mafuta, unanunua. Ukishaufunga, mkono uwe na uhuru wa milimita mbili tatu kabla resi haijaanza kupanda. Fungua resi hadi mwisho, achia: lazima irudi yenyewe kwa kishindo, slaidi igonge chini usikie. Rudia usukani ukiwa umekata kulia kabisa, kisha kushoto kabisa. Halafu washa injini, iache kwenye sailensi, ingurume taratibu bila kugusa resi, kata usukani pande zote mbili. Resi ikipanda yenyewe, waya umebanwa chini ya tangi. Ufungue uupitishe upya.

Swichi ya kuzimia ipime vivyo hivyo: katikati, kulia, kushoto, na mtu akiutikisatikisa waya shingoni. Kisha ongeza swichi ya pili, ile ya kamba inayofungwa mkononi mwa dereva. Akianguka kamba inachomoka na injini inazima. Hapa kuna mtego. Swichi za kamba ziko za aina mbili. Moja inakata umeme ikichomolewa, hiyo ni ya pikipiki zinazotegemea betri. Nyingine inaunganisha umeme na bodi ikichomolewa, na ndiyo inayofaa magneto. Ukifunga ile ya kwanza kwenye DT umefunga pambo. Vuta waya mpya kutoka CDI, kile kisanduku kinachopeleka umeme wa plagi, moja kwa moja hadi swichini, na waya wake wa bodi uufunge kwenye injini penyewe, siyo kwenye fremu yenye rangi na kutu. Kabla ya kila mashindano, chomoa kamba mbele ya watu wawili. Injini isipokufa papo hapo, pikipiki inarudi nyumbani.

Na dereva afundishwe: resi ikikwama, vuta klachi na usiiachie, hata injini ilie vipi. Ivunjike tu. Bonyeza swichi, kamata breki. Kuhangaika na koki ya petroli ni bure, kabureta ina akiba ya kukufikisha usikotaka. Mrudishe afanye zoezi hilo pikipiki ikiwa imezimwa, mara ishirini, hadi mkono ufanye wenyewe.

Mengine ni mafupi. Tairi la nyuma liwe la meno, na ukipunguza upepo ili lishike, lazima uweke kishikizo cha kulibana kwenye rimu. Bila hicho tairi linazunguka rimu ikibaki, na mdomo wa tyubu unakatika. Ile nati ndogo ya kwenye mdomo wa tyubu usiikaze hadi chini, ili mdomo ukianza kuinama uuone mapema. Sproketi ya nyuma ongeza meno mawili matatu, inatosha. Viatu vya breki vipige msasa, fagia vumbi ndani ya dramu.

Mahali pa kupunguza mwendo na kusimamisha pikipiki, baada ya mstari wa mwisho, pawe parefu kuliko njia yenyewe ya mbio. Kwa kilomita 90 kwa saa unapita mita 25 kila sekunde, na breki za dramu kwenye changarawe si za kutegemea. Watu wasisimame mwisho wa njia kamwe, hata mwenyekiti wa kijiji; wakae pembeni nyuma ya mstari wa kuanzia, na kamba ivutwe kabisa. Kofia ngumu, glovu, buti zinazopita kifundo, suruali nzito. Gari liwepo, lina mafuta, limegeuziwa barabarani, na dereva wake hajanywa. Aliyekunywa asiguse pikipiki pia, wala asishushe kitambaa. Jua likianza kuwapiga usoni, acheni. Mtoto, mbuzi, mama mwenye kuni: wote wana haki ya njia ile kuliko ninyi, basi weka mtu mwenye filimbi kwenye kila upenyo wa shamba. Na vumbi la waliotangulia lisubirini litue hadi muuone mkonge wa mwisho, ndipo mwingine ajipange.