Jaribio la t kwa viazi mviringo: uliza kwanza ploti zilikaaje

Wanafunzi wa utafiti wa kilimo hapa Mbeya huniletea Excel yenye safu mbili za kilo za viazi na swali moja: tofauti hii ni ya kweli au ni bahati tu? Kabla ya hesabu yoyote nawauliza ploti zilikaaje shambani.

Tuchukue namba za mfano. Ploti sita zimewekwa DAP (mbolea ya dukani) na samadi, zikatoa kilo 42, 47, 39, 45, 44 na 41. Sita nyingine zimepata DAP peke yake: 38, 41, 36, 43, 37 na 39. Wastani ni 43 na 39. Kilo 4 zimezidi, ila hata ndani ya kundi moja ploti zinapishana hadi kilo 8.

Jaribio la t huchukua tofauti ya wastani na kuigawa kwa kiasi ambacho bahati peke yake ingeiyumbisha. Katika kila kundi, toa wastani kwenye kila namba, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha, kisha gawa kwa 5, yaani idadi ya ploti pungufu moja. Utapata 8.4 na 6.8. Gawa kila moja kwa 6, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 1.59, ambacho huitwa kosa sanifu. Nne ukigawa kwa 1.59 ni 2.51, na hiyo ndiyo t. Jedwali la t, kwa digrii huru 10 (ploti 12 kutoa makundi 2) na kiwango cha 0.05 pande zote mbili (yaani tunakubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa 100, tofauti iwe ya kuzidi au ya kupungua), linaweka mpaka 2.228. Tumeuvuka, kwa hiyo ni vigumu kusema ni bahati tu. (Chanzo cha hesabu hii ni William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, aliyeichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Naye alikuwa akihangaika na sampuli ndogo kama zetu.)

Sasa turudi shambani. Kuanzia Isyonje hadi Umalila tunalima miteremko: juu mvua imechukua udongo, chini ni mweusi na unashika maji. Kwa hiyo mtafiti makini huchukua mashamba sita na kuligawa kila moja nusu kwa nusu, huku samadi, kule hapana. Namba zako zikiwa zimetoka hivyo, 42 ni mwenzake 38, 47 ni mwenzake 41, na kuzitenganisha ni kuutupa ushahidi. Tafuta tofauti ya kila jozi: 4, 6, 3, 2, 7, 2. Wastani wake ni 4 vilevile, lakini kosa sanifu linashuka hadi 0.86 na t inapanda hadi 4.67, mpaka ukiwa 2.571 kwa digrii huru 5 (jozi 6 kutoa 1). Namba ni zilezile, ila mteremko umeondolewa kwenye hesabu.

Kwenye Excel andika =T.TEST(A2:A7,B2:B7,2,1) kwa jozi. Kama makundi hayahusiani, namba ya mwisho iwe 3, ambayo ni njia ya Welch. Haikulazimishi kudai kwamba mtawanyiko wa makundi unalingana. Jibu lake ni p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kama ingekuwa bahati tu. Kwa jozi utapata p chini ya 0.01, kwa njia ya pili karibu 0.03.

Na tafadhali, mashina ishirini ya ploti moja si ploti ishirini. Hilo nalikataa kila mara.

Kwenye ripoti usiishie kwenye p. Kwa mfano wetu wa jozi, andika kwamba samadi imeongeza kilo 4 kwa ploti, na kwa uhakika wa asilimia 95 ongezeko liko kati ya 1.8 na 6.2. Hapo mkulima anaweza kupiga hesabu kama kilo hizo zinalipa gharama ya kupandisha samadi mlimani.