Jinsi ya Kukagua Jumba la Kale la Mashambani Uingereza Kabla ya Kulinunua

Jumba la kale la mashambani nchini Uingereza linapotangazwa kuuzwa pamoja na bustani na viunga vyake, anza na karatasi kabla hujaenda kuvutiwa na ngazi za mwaloni. Fungua orodha ya urithi ya Historic England, taasisi ya umma inayoshughulikia majengo ya kihistoria huko England, inayopatikana mtandaoni bila malipo, uone kama jengo limesajiliwa kulindwa na liko daraja gani: I, ambalo ni la juu kabisa, II* au II. Wengi hudhani kwamba daraja la II hulinda sura ya mbele tu, sivyo. Ulinzi hushika jengo zima, nje na ndani, na kwa kawaida hata mazizi na kuta za bustani zilizokuwamo kiwanjani kabla ya tarehe 1 Julai 1948.

Hapa ndipo pa kukazia macho. Chini ya sheria ya majengo ya urithi ya mwaka 1990, kubadili jengo la namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai, na ingawa anayeshtakiwa ni aliyehusika na kazi hiyo, halmashauri inaweza kumwamuru mmiliki wa sasa arekebishe kilichoharibiwa hata miaka mingi kabla yake, kwa kuwa amri hiyo haina ukomo wa muda. Mwombe wakili alinganishe vibali vyote na hali ya nyumba ilivyo: ukuta uliobomolewa ili kupanua jiko, dirisha la mbao lililobadilishwa kuwa la plastiki, meko iliyong'olewa. Lisilo na kibali lipatiwe ufumbuzi na muuzaji, au lipunguze bei.

Kisha mlete mkaguzi wa majengo aliyesajiliwa na RICS, chama cha kitaaluma cha wakaguzi na wathamini, na aliyezoea nyumba za kale, kwa maana tathmini ya benki haitoshi hata kidogo. Adui mkubwa ni maji. Kuta za mawe na chokaa hutoa unyevu zenyewe, lakini zikipigwa lipu ya saruji unyevu hunaswa ndani, jambo ambalo wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalifahamu vizuri. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole usikilize panapolia mvungu. Choma kwa bisibisi ncha ya boriti inapoingia ukutani, na ikizama kwa wepesi, mbao imeoza. Ukiweza, nenda siku ya mvua utazame mifereji ya paa ikifanya kazi.

Viunga navyo vina mambo yake: njia ya umma inayokatiza bustani, miti isiyoruhusiwa kukatwa, na tangi la majitaka, ambalo haliruhusiwi kumwaga moja kwa moja mtoni.

Uchunguzi huu wote uishe kabla ya kubadilishana mikataba iliyotiwa saini, kwa kuwa huko England hadi hapo hakuna anayefungwa, na baada ya hapo ukijitoa unaweza kupoteza amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Bima nayo ianze siku hiyohiyo ya kubadilishana, hata kama funguo hujakabidhiwa.