Chora duka la fundi wa mtaani kwako, kwa njia ya Bhupen Khakhar

Kama unataka kuchora na hukupita chuo cha sanaa, anza na fundi anayekuhudumia. Njia hii nimeichukua kwa Bhupen Khakhar, mchoraji wa Kihindi ninayemheshimu kuliko wote. Alizaliwa Bombay mwaka 1934, akasomea uhasibu, na mwaka 1962 akahamia Baroda, Gujarat. Huko chuo kikuu alisoma uhakiki wa sanaa. Kuchora alijifundisha mwenyewe, na kwa miaka mingi aliendelea kushika hesabu za kampuni ili apate riziki. Kwa hiyo usiache kazi. Mimi mchana nafunga hesabu za chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro, jioni nachora.

Kabla ya kushika brashi, tafuta mtandaoni picha tatu: Janata Watch Repairing na De-Luxe Tailors, zote za 1972, na Barber's Shop ya 1973. Fundi saa, fundi cherehani, kinyozi. Wakati ule watu wa namna hiyo hawakuwa na nafasi katika majumba ya sanaa ya India, naye akawapa turubai nzima kila mmoja. Waangalie vizuri. Hakuwafanya maskini wa kuhurumiwa, wala hakuwapamba. Wako kazini, basi.

Sasa nenda kwa fundi wako. Salimia, subiri mteja aondoke, kisha sema wazi: “Kaka, naomba nikuchore ukiwa kazini.” Wengi hukubali. Kaa pembeni na daftari na penseli, usimzibie mlango.

Hapa ndipo pa kutulia. Usianze na uso. Anza na vitu, maana vitu ndivyo vinavyomtaja mtu. Kwa kinyozi wangu kuna chupa ya spiriti ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari ili spiriti itoke kidogo kidogo. Kuna stika za timu ya mpira kwenye kona ya kioo, taulo limeanikwa juu ya mlango, na waya wa mashine umefungwa fundo pale ulipokatika. Usipoiona ile chupa, utachora saluni yoyote tu. Nakili pia maandishi ya kibao cha nje kama yalivyo, hata kama herufi zimebanana mwishoni kwa kukosa nafasi. Usiyasahihishe.

Nyumbani, chukua hadibodi, piga msasa upande laini, paka praima nyeupe, yaani rangi ya msingi ya chini, mara mbili. Khakhar alitumia rangi za mafuta. Wewe mwenye saa chache za jioni tumia akriliki, rangi inayochanganywa na maji, inakauka upesi. Paka kwanza ukuta wa duka kwa rangi moja iliyokolea, bila kivuli. Halafu meza, halafu mtu, vitu vidogo mwisho kwa brashi nyembamba.

Meza ikionekana kama inateleza kuja mbele, iache. Mikono ikiwa mizito, iache pia. Watu wa Khakhar mara nyingi wamekaza mwili kama waliokwenda studio kupiga picha ya pasipoti, na ugumu huo ndio unaowapa heshima yao. Alipenda picha za miungu zinazouzwa madukani na michoro ya zamani ya mafundi wa India, akajifunza humo badala ya kuiga vitabu vya anatomia, yaani vya maumbile ya mwili.

Ukishazoea, jaribu mpango wa Man with Bouquet of Plastic Flowers ya 1975: mtu mmoja mkubwa katikati, na pembeni matukio madogo ya maisha. Kinyozi akiwa katikati, mchore pia akifagia nywele, akila chipsi, akifunga kufuli usiku. Matukio mawili au matatu yanatosha. Zaidi ya hapo jicho linachoka.

Picha ikikauka, ipeleke dukani kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Mimi naona hili ni lazima. Mwache fundi aitazame kwa muda wake. Akisema mashine yake ni nyeusi na wewe umeipaka bluu, chukua brashi uirekebishe. Akiitaka, mpigie bei ya hadibodi na rangi, kisha mwulize fundi viatu wa jirani kama anaweza kukaa na wewe wiki ijayo.