Somo: Kulaza Bomba la Maji Ardhini Hadi Bustani ya Mbali

Somo hili linamhusu mtu ambaye tanki lake liko uani na bustani yake iko mbali, kama ilivyo kwa wengi wetu huku Uru na Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambako nyumba imekaa juu katikati ya migomba na eneo la mboga liko chini karibu na korongo. Nitatumia mfano wa kwangu, wenye umbali wa mita 180 na mteremko wa mita 6. Mara ya kwanza nililaza bomba la nusu inchi kwa sababu bei yake ilinifaa, na ndoo ya lita 20 ikawa inachukua karibu dakika tatu kujaa. Nililaumu koki, nikalaumu chujio, nikamwita fundi kusafisha tanki. Kumbe kosa nilikwisha kulifukia kwa mikono yangu.

Hatua ya kwanza: pima kimo kabla ya kununua chochote

Chukua mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi huujaza maji ili kusawazisha msingi, ushuke nao kituo kwa kituo kuanzia usawa wa tundu la tanki hadi koki ya bustani, ukiandika tofauti ya kila kituo, kisha ujumlishe. Macho yasiaminiwe katika kazi hii, kwa kuwa kwenye miteremko yetu mlima ulio nyuma yako huwafanya watu waone tambarare mahali penye mwinuko.

Kila mita 10 za kimo hutoa mgandamizo wa bar 1, na bomba lenyewe hula sehemu ya kimo hicho kwa msuguano. Maji yakienda kwa kasi ya lita 18 kwa dakika, kila mita 100 za bomba jeusi la plastiki liitwalo HDPE, la milimita 20, ambalo ndilo nusu inchi, hula takriban mita 16 za kimo. La milimita 25, yaani robo tatu, hula kama mita 4 na nusu. Na la milimita 32, yaani inchi moja, hula mita 1 tu. Mwenye mita 6 za kutumia kwa mita 180 ataona mwenyewe kwamba bomba la inchi moja pekee ndilo linalompa kiasi hicho cha maji na kumbakizia akiba. Ikiwa fedha ni chache, punguza idadi ya koki, wala usipunguze kipenyo cha bomba.

Hatua ya pili: chagua njia

Njia fupi si lazima iwe njia bora. Bomba linapopanda kilima kidogo na kushuka tena, hewa hujikusanya kileleni na kuyazuia maji, hasa kama mgandamizo ni mdogo kama wangu. Kwa hiyo tafuta njia inayoteremka mfululizo, hata ikiongeza mita 15 au 20, na pale kilima kisipokwepeka, weka valvu ya kutolea hewa juu yake.

Pita kandokando ya njia ya miguu, mbali na migomba. Mizizi ya mgomba haina shida. Shida ni mtaimbo wa mtu anayeng'oa kisiki au kuchimba shimo jipya.

Hatua ya tatu: mtaro

Huku kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji ardhini, hivyo kina kinaamuliwa na jembe, magari na jua. Kando ya njia, sentimita 60 zinatosha. Shimo la mgomba nalo hufika kina hichohicho au kukipita, na ndiyo sababu nimesisitiza kupita mbali nayo. Panapopita gari, fika sentimita 80 au zaidi. Wakati mzuri wa kuchimba ni Juni na Julai, masika yakiwa yamekwisha na udongo ungali laini. Ukingoja hadi Septemba, utalipa vibarua kwa kupambana na ardhi iliyokauka.

Ondoa mawe yote yenye ncha, kisha tandika sentimita 10 za mchanga au udongo uliochekechwa. Udongo wetu wa volkano una mawe mengi, na jiwe moja lililoegemea bomba kwa miaka kadhaa hulitoboa.

Hatua ya nne: kulaza na kuunga

HDPE haishiki gundi. Hutumia viungio vya kubana, ambavyo hufungwa kwa mkono na kukazwa kwa spana. Kata bomba liwe wima kabisa, chonga ukingo, pakaa maji ya sabuni, kisha lisukume hadi lipite mpira wa ndani wa kiungio. Wengi huishia lilipoanza kugoma, na hapo ndipo panapovuja baadaye. Nunua roli ndefu ili viungio viwe vichache.

Lilaze bomba likijipindapinda kidogo mtaroni. Roli ya mita 100 iliyokaa juani inaweza kufupika kwa sentimita 30 au zaidi ikipoa ardhini, na lililonyooshwa kama kamba hujichomoa lenyewe kwenye viungio. Mimi hufukia asubuhi na mapema.

Weka valvu ya kufungia karibu na tanki, nyingine katikati ya njia, na ya kusafishia matope mahali pa chini kabisa.

Hatua ya tano: jaribu kabla ya kufukia

Fukia sehemu za katikati tu ili bomba lisihame, viungio vyote vikiwa wazi. Jaza maji taratibu koki ya mwisho ikiwa wazi hadi hewa yote itoke, ifunge, na uache hadi kesho yake. Kiungio kisicholowesha kitambaa ukikipangusa ndicho cha kufukiwa.

Chora ramani yenye vipimo kutoka kona ya nyumba. Usiweke alama kwa kupanda masale, kwa maana jirani atayasoma kuwa ni mpaka, nawe utajikuta mbele ya balozi ukieleza habari za bomba.

Maswali ya wanachama

Shikamoo Mwalimu. Mimi niko Kibosho, na kimo kutoka tanki hadi shambani ni mita 90. Je, bomba la PN 6 litafaa?

Marahaba, mwanangu. Halitafaa. PN 6 hustahimili bar 6, yaani mita 60 za kimo, ilhali koki zikifungwa, chini utakuwa na bar 9. Tumia PN 10, na katikati ya mteremko ujenge tanki dogo lenye valvu ya boya, ili mgandamizo uanze upya hapo.

Tuko Tengeru, na maji yetu ni ya mamlaka. Je, tunaweza kuunga bustani moja kwa moja baada ya mita ya maji?

Dada, pitisheni kwanza kwenye tanki. Maji ya mtaani yakikatika, bomba huweza kunyonya kurudi nyuma, na mpira uliozama kwenye ndoo ya mbolea utaingiza uchafu katika maji ya kunywa.

Je, naruhusiwa kuvuta bomba kutoka mfongo, yaani mfereji wetu wa asili?

Mfongo una wenyewe na zamu zake, kwa hiyo anza na kamati yake. Kuchukua maji mtoni au kwenye chemchemi kwa matumizi kama hayo huhitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko Moshi.

Bomba langu lina miaka minne na nahisi linavuja, lakini sioni mahali penye maji.

Funga koki zote usiku, weka alama ya chaki kwenye tanki, na uangalie alfajiri. Maji yakishuka, rudia usiku wa pili ukiwa umefunga valvu ya katikati: yakishuka tena, tobo liko upande wa tanki; yasiposhuka, liko upande wa bustani. Baada ya hapo chimba kwenye viungio vya upande huo kwa kufuata ramani yako, ukianza na kile kilicho karibu na mgomba uliopandwa mwisho.