Meza isiyo na nakshi: namna ya kumwagiza fundi

Mteja akija karakana kwangu Keko na picha ya meza nyembamba ya Ulaya kwenye simu, hutegemea bei iwe nusu ya ile ya kuchongwa maua. Hapana, bosi wangu. Maua yanaficha mengi: kiungo kilichoachia kikazibwa kwa gundi na unga wa mbao, miguu isiyolingana. Meza tupu haina pa kujificha.

Mninga mkavu hautanuki wala kusinyaa sana. Msonobari wa Sao Hill ni nafuu na unafaa pia, ila usikubali mbichi: ubao ulio baridi kiganjani na mzito kuliko wenzake bado una maji. Kwa watu sita, urefu sm 160, upana 80, kimo 75.

Kazi yenyewe iko kwenye topu, ule ubao wa juu. Unene wa sm 3 unaizuia isipinde, lakini kwa macho ni gogo. Mwambie fundi apige randa ukingo kwa chini, mshazari, aanzie kama sm 5 ndani hadi pembeni pabaki sm 1.5. Ukisimama unaona wembamba tu. Ukipitisha vidole chini ndipo unaukuta mteremko. Na asiigongelee misumari kwenye fremu. Upana wa mbao hubadilika kati ya masika na kiangazi, ukibanwa utapasuka. Aweke vipande vidogo vya mbao vilivyofungwa kwenye topu kwa skrubu, ndimi zake zikiteleza ndani ya mfereji wa fremu.

Miguu iwe sm 6 juu, ipungue hadi 3.5 chini, kwa pande mbili za ndani peke yake. Wakristo wa jumuiya ya Shaker kule Marekani walikuwa wakifanya hivyo karne ya 19. Nje pakibaki wima, meza inasimama imara hata kwa kuitazama.

Msasa namba 80, 120, halafu 180. Kabla ya huo wa mwisho, futa kwa kitambaa chenye unyevu, vinyweleo vya mbao visimame, uache ikauke. Kisha zima taa, laza tochi ya simu juu ya topu: kila mkwaruzo utajitaja. Vanishi isiyong'aa, ipakwe mara mbili, nyepesi. Ya kung'aa tuwaachie wenye majeneza.

Toa advansi ya mbao. Salio ulipe baada ya kuipindua meza ukaangalia chini yake.