Jinsi ya kuandika riwaya ya mapenzi na mizimu ndani ya Kisumu ya miaka mia ijayo: hatua kwa hatua

Watu hunitumia drafti za stori za mapenzi zenye jini ama mzimu ndani, mji umeharibika, mwaka ni 2100 na kitu, na nyingi zina shida moja tu. Ukimtoa mzimu, stori bado inasimama. Ukiutoa ule mji wa giza pia inasimama. Yaani ni stori ya kijana na msichana imevalishwa nguo za kuazima. Kwa hii aina ya riwaya, nguvu ya kiumbe, sheria ya mji na mapenzi ya hao wawili lazima vifungwe fundo moja, ukivuta upande mmoja pande zote zinakaza. Hilo fundo ndio kazi yenyewe, na ndio nataka tulifunge pamoja hapa, nikitumia ploti moja ya Kisumu tangu mwanzo hadi mwisho ndio uone venye inafanyika.

Hatua ya 1: Chagua kiumbe mwenye masharti

Usikimbilie wanyonya damu wa Ulaya. Sio kwamba ni wabaya, ni vile masharti yao msomaji ashayajua yote, vitunguu saumu, jua, jeneza, hakuna kitu utamfichia. Huku kwetu tumejaliwa. Kuna Simbi Nyaima pale karibu na Kendu Bay, kijiji kilichozama usiku mmoja baada ya kumfukuza ajuza aliyeomba hifadhi kwa mvua. Kuna Nyamgondho wa Gwassi aliyevua mwanamke ziwani badala ya samaki, akatajirika, kisha akamtukana akiwa amelewa na yule mama akarudi majini na ng'ombe wote nyuma yake. Upande wa Kakamega kuna jiwe linalolia la Ilesi. Ukiwa Nakuru una Menengai, na hadithi za watu wanaozunguka ndani ya kreta bila kuona njia ya kutoka. Kila moja ya hizi inabeba riwaya nzima.

Mimi kwa mfano wetu nachukua Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa Kano, karibu na Kisumu, mwili wake jiwe, mikuki inadunda tu. Maadui zake wa Nandi wakashindwa vitani wakaamua kumpa binti yao amwoe. Siku moja akaugua, akamwambia huyo mke achanje kivuli chake apake dawa, sio mwili, kivuli. Mke akachanja na damu ikatoka. Usiku huohuo akatoroka akapeleka habari kwao, na vita vilivyofuata mkuki ukapigwa kivulini, shujaa akaanguka akageuka jiwe.

Ebu tazama kilichomo. Ndoa imo, siri imo, usaliti umo, na sharti moja lililo wazi kabisa. Kabla hujaandika hata sentensi moja chukua karatasi ujibu maswali matatu: kiumbe wako anaweza nini, kitu gani kinamuua, na nani tayari anajua. Kama jibu la pili ni "hakuna kinachomuua" basi huna riwaya, tafuta mwingine.

Hatua ya 2: Jenga mji ambao unagombana na sharti hilohilo

Hapa ndio pa kukaa sana, usiharakishe.

Mji wa giza haujengwi na magari ya kupaa. Unachukua kitu kimoja cha leo unakisukuma mpaka mwisho wake. Na tafadhali angalia ramani kwanza, manake nimesoma drafti bahari imefunika mtaa wa Kondele. Kisumu iko juu ya bahari mita kama 1,130, bahari haifiki huku hata dunia ikiyeyuka barafu yote. Kinachopanda huku ni ziwa, Ziwa Victoria, na linapanda kwa mvua. Mwaka 2020 lilipanda likawafukuza watu Dunga na fuo zingine nyingi. Na ziwa lote hilo, la nchi tatu, lina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Jinja, Uganda, Nile inapoanza, ambapo kuna bwawa tangu 1954. Sasa fikiria miaka mia ijayo anayeshika mlango wa Jinja ni Kampuni moja. Akifunga, mtaa wa Nyalenda unaogelea. Akifungua sana, mabomba ya Kisumu yanavuta tope. Huo mji tayari una shingo na mkono wa kuikaba, na hujabuni kitu kikubwa.

Lakini bado haujagusa kivuli. Hiyo ndio sehemu watu huruka. Hiro wetu, yaani mhusika mkuu, uhai wake uko kivulini kama Lwanda Magere, kwa hivyo mji lazima uwe na ugomvi na vivuli. Nikafanya hivi: Kampuni imefunga taa juu ya mji mzima, zinawaka mchana na usiku, kutoka kila upande. Ukienda chumba cha upasuaji hospitalini utaona ile taa kubwa ina balbu nyingi, ni makusudi, mwanga ukitoka pande nyingi mkono wa daktari hauweki kivuli juu ya kidonda. Kisumu yetu ya 2120 iko hivyo mji mzima. Mwanzo watu walifurahi, wamama wa soko la Kibuye waliuza hadi alfajiri, wezi walipungua, mashine za kuvuna gugumaji, yale magugu ya ziwani, zikafanya kazi usiku kucha. Hiyo furaha ya mwanzo usiiache nje, udhalimu mwingi huingia ukiwa umebeba kitu kizuri mkononi na msomaji wetu anajua hilo vizuri sana.

Sasa funga fundo. Okoth, wa ukoo wa yule shujaa, akikosa kivuli anaanza kugeuka jiwe, vidole kwanza. Akiwa na kivuli ni mtu wa damu na nyama, lakini pia anaweza kuuawa. Na Adhiambo ni fundi wa stima wa Kampuni, yeye ndiye mwenye ufunguo wa kuzima taa za mtaa mmoja na kuacha mwanga mmoja tu. Kwa hivyo kila wakikutana anampa uhai na anamweka hatarini kwa mkono huohuo. Jaribu sasa kutoa kimoja, kivuli, taa ama mapenzi. Stori inaanguka. Kama yako haianguki rudi mwanzo wa hatua hii.

Hatua ya 3: Bei ya mapenzi ilipwe na wote wawili

Drafti nyingi kiumbe ndiye anayeumia, binadamu anapendwa tu. Adhiambo akishikwa anapoteza kazi, sawa, lakini kazi pekee haitoshi. Mpe mdogo wake wa kiume ambaye maji yake ya wiki yanatoka kwa kadi ya kazi ya dadake. Hapo kila taa anayoizima inapima watu wawili anaowapenda. Andika chapta moja kwa macho yake, inayofuata kwa macho ya Okoth, wapokezane hivyo, manake msomaji anataka kujua kila mmoja anamficha mwenzake nini.

Kuna hii mambo ya "tuliandikiwa", ati mizimu iliwafunga tangu kuzaliwa. Wasomaji wanaipenda na mimi pia naipenda. Lakini nakuomba kabisa, usiitumie kumnyima msichana uamuzi. Mwanamume anayemwambia binti "wewe ni wangu mizimu imesema" na binti hana njia ya kukataa, hayo si mapenzi, hiyo ni kulazimishana, na wasichana wa sekondari wanatusoma. Ngano yenyewe imekupa pahali pa uamuzi: kule kuchanja. Katikati ya riwaya Okoth anaugua, dawa lazima ipakwe kivulini, na wembe uko mkononi mwa Adhiambo. Anajua ile hadithi ya zamani, Okoth pia anaijua, na wiki hiyohiyo Kampuni imemwahidi Adhiambo kwamba mdogo wake atapata maji maisha yake yote, akisema tu anachojua. Mwache achague hapo, mbele ya msomaji, bila mzimu wowote kumsukuma. Mke wa zamani alisaliti, huyu atafanya nini? Chapta zote za kwanza zinaelekea kwa hilo swali.

Na mwisho uwe wa matumaini. Riwaya ya mapenzi ina ahadi kwa msomaji, mapenzi ndio mgongo wa stori na hao wawili wanamaliza wakiwa pamoja. Mji unaweza kubaki na giza lake. Ukitaka kuua mmoja wao andika msiba, na uuite msiba tangu jalada.

Hatua ya 4: Andika tukio kwa karibu

Drafti ya kawaida inasoma hivi: "Okoth alikuwa na sura ya kuvutia, macho yake yaling'aa, moyo wa Adhiambo ukaenda mbio." Huyo Okoth anaweza kuwa mtu yeyote, hata karani wa benki. Ona sasa ukitumia sharti lako:

"Adhiambo alizima taa ya mwisho ya kichochoro, akawasha koroboi na kuiweka chini karibu na miguu ya Okoth. Kivuli kikapanda ukutani, kikapita mabati.
'Irudishe nyuma,' Okoth alisema. 'Kikiwa kikubwa hivyo kila mtu anakifikia.'
Akairudisha hatua tatu. Kivuli kikashuka mpaka kikawa cha urefu wake. Vidole vitatu vilivyokuwa vya kijivu tangu asubuhi vikaanza kukunjika, kimoja kimoja, na cha mwisho kilikunjika juu ya kidole cha Adhiambo."

Hakuna mahali imeandikwa wanapendana. Na ile ya koroboi ni kweli, mwanga ukikaribia mtu kivuli kinakua, ukirudi nyuma kinapungua, zima stima usiku huu ujaribu na tochi ya simu. Fanya hivyo kwa kila kitu unachoandika kinachoweza kujaribiwa nyumbani, msomaji akiamini koroboi ataamini na mzimu.

Hatua ya 5: Tumia anga ya hapa hapa

Nimeweka hii hatua yake peke yake manake waandishi wetu wanaiacha bure na ni mali.

Ziwa letu mvua zake nyingi za radi ni za usiku. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati unapanda juu na mawingu yanajaa. Sasa mweke Okoth kwenye mashua usiku, nje ya taa za Kampuni, anawindwa. Kila radi ikipiga ni mwanga mmoja wa ghafla, ana kivuli kwa kufumba na kufumbua, kisha hana. Mwenye mkuki anasubiri radi. Adhiambo naye anahesabu kati ya radi na radi. Hapo hata ukiandika polepole msomaji haachi.

Kwa kilele tumia jua. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na kila mwaka mnamo tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la mchana linapita utosini. Kwa Kisumu halifiki juu saa sita kamili, saa zetu zinafuata mstari wa mashariki zaidi, kwa hivyo Machi ni kama saa saba kasorobo. Dakika hiyo kivuli chote cha Okoth kiko chini ya nyayo zake. Anacho, kwa hivyo hageuki jiwe, na hakuna mkuki unaoweza kukifikia. Ukiacha ile ya Septemba, ndio dakika pekee ya mwaka mzima anaweza kukatiza wazi tambarare za Kano mbele ya walinzi. Piga hesabu yake kabisa: jua linasogea digrii 15 kwa saa, kwa hivyo robo saa baadaye kivuli cha mtu wa mita 1.8 kimejitokeza sentimita kama 12. Huo ndio muda walio nao. Mpe msomaji hizo namba mapema, chapta kumi kabla, azibebe mwenyewe, ili siku ya tukio usimame kueleza kitu chochote, wakimbie tu.

Hatua ya 6: Lugha na urefu

Hapa ni haraka. Watu wa 2120 waongee kama watu, mama mboga abaki mama mboga, omena ibaki omena, neno la Kijaluo likija lenyewe liache bila kutafsiri. Sio lazima ubuni majina ya mashine, "mashine ya kuvuna gugumaji" inatosha na inaeleweka. Kwa simu chapta ya maneno 1,500 hadi 2,000 inasomeka vizuri ndani ya matatu, na kila chapta lazima sharti la kivuli liguswe hata kidogo.

Hatua ya 7: Wasomaji wa kwanza, haki na kuuza

Tafuta wasomaji wawili tofauti. Mmoja mzee ama mama anayeijua ile ngano vizuri, akwambie wapi umeivunjia heshima, na umsikilize kwa adabu, manake hadithi ni ya jamii, wewe umeazima. Mwingine ni mtu wa kusoma mapenzi tu asiyejali mizimu, mwambie akuwekee alama pale alipochoka. Pahali alama zinarundikana kata bila huruma.

Ukimaliza sajili kazi yako na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hakimiliki Kenya inakaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, watoto wako wataila. Ukitaka kuchapa kitabu cha karatasi namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, unaombea huduma ya maktaba ya kitaifa. Kama unauza kwa WhatsApp, chapta mbili za kwanza toa bure. Ya tatu ikatie pale taa za Kampuni zinarudi ghafla kichochoroni na Okoth bado ana neno mdomoni, na chini yake weka till namba ya kukulipa kwa simu.