Somo: Kupulizia zinki na boroni kwenye michungwa, hatua kwa hatua

Salaam wana kikundi. Nimeulizwa sana kuhusu michungwa inayochanua vizuri kisha inapukutisha vitunda vikiwa bado ukubwa wa harage. Wengi wenu mmeshanunua chupa ya busta (mbolea ya kupulizia majani) kabla hamjajua mti unadai nini, na hilo linaniuma, kwa sababu ni fedha ya mkulima inayomwagwa chini. Somo hili nimeliandika nikiwafikiria wakulima wa Muheza, Tanga, na jirani zake, wenye michungwa ya aina ya Msasa na Valencia. Mwenye michungwa kwingine atafuata mvua za kwake tu.

Tuelewane kwanza: mchungwa hudondosha maua na vitunda vingi kwa maumbile yake, na vinavyofika kuvunwa ni asilimia chache tu. Dawa ya majani haizuii hilo. Inachofanya ni kuondoa upungufu wa virutubishi kama zinki na boroni, pale upungufu ulipo.

Hatua ya 1: Soma jani

Usiruke hatua hii. Chuma majani machanga na majani makuukuu kutoka mti mmoja, yapange juani, uyatazame pamoja.

Upungufu wa zinki huonekana kwenye majani machanga: yanakuwa madogo, membamba, yamesimama na kubanana nchani mwa tawi, njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Njano hiyo iko sawasawa pande zote mbili za mshipa mkubwa. Manganizi inafanana nayo, ila jani linabaki na ukubwa wake wa kawaida. Chuma kikipungua, jani changa kabisa linapauka na mishipa inabaki kama wavu mwembamba wa kijani. Njano ikianzia kwenye majani ya zamani, ikaacha alama ya kijani yenye umbo la V iliyogeuzwa karibu na kikonyo, hiyo ni magnesi, na somo lake ni jingine.

Boroni haisomeki vizuri kwenye jani. Kata tunda. Ukikuta gundi ya kahawia ndani ya ile nyama nyeupe ya ganda, na tunda lenyewe ni gumu, dogo, halina maji, mshuku boroni. Kirutubishi hiki ndicho kinachosaidia chavua kuota na kulifikia yai la ua, kwa hiyo kikikosekana kitunda hakishiki.

Hatua ya 2: Pima ukiweza

Chukua majani ya umri wa miezi 4 hadi 6, kutoka matawi yasiyo na matunda, kiasi cha majani 100 kwenye miti 15 hadi 20 iliyotawanyika shambani, yapimwe maabara. Zinki inayotosha ni kati ya sehemu 25 na 100 kwa kila sehemu milioni ya jani kavu. Boroni ni 36 hadi 100. Wa Muheza mna kituo cha TARI Mlingano (cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) hapo hapo wilayani, na udongo ndiyo kazi yao ya siku nyingi. Nendeni mkaulize.

Hatua ya 3: Lenga wakati

Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Jani lililokomaa lina nta nzito, hupokea kidogo sana. Mvua ikirudi baada ya kiangazi, mti unatoa machipukizi na maua kwa pamoja. Pulizia boroni vitumba vya maua vikiwa vyeupe lakini havijafunguka. Pulizia zinki petali zikishadondoka, majani mapya yakiwa yamefika theluthi mbili ya ukubwa wake na bado ni laini.

Hatua ya 4: Changanya kwa mizani

Vipimo vya bomba la mgongoni la lita 20:

- Mzunguko wa boroni: asidi ya boriki gramu 20. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kwa maji baridi inachelewa.
- Mzunguko wa zinki: zinki salfeti gramu 100 na chokaa iliyozimwa gramu 50. Chokaa inaizuia salfeti isiunguze majani machanga. Koroga kila kimoja kwenye ndoo yake, chuja chokaa kwa kitambaa isije ikaziba nozeli, kisha viunganishe ndani ya bomba lenye maji nusu.

Usipime kwa kijiko. Kwenye boroni, nafasi kati ya kutosha na sumu ni ndogo mno. Ikizidi, ncha za majani zinageuka njano, zinaungua, na mti unapukutika.

Bomba lililobeba dawa ya magugu lisiguse kazi hii.

Hatua ya 5: Pulizia

Asubuhi mapema au jioni, upepo ukiwa umetulia na mvua haipo karibu. Lowesha majani juu na chini, acha kabla hayajaanza kuchuruzika. Vaa glavu, miwani na barakoa. Acha miti michache bila kupuliziwa, uifunge utepe. Bila hiyo hutajua kama fedha yako imefanya kazi.

Maswali ya wanachama

*Korogwe:* Shikamoo mwalimu. Naweza kuchanganya na dawa ya wadudu nipulizie mara moja?

Marahaba. Usichanganye. Wakati huo nyuki wako kwenye maua, na ndio wasaidizi wako. Vilevile usitie mbolea yenye fosfati pamoja na zinki, zitagandana chini ya bomba.

*Mkuranga:* Miti yangu ni mirefu, bomba halifiki juu.

Kodini kwa pamoja pampu ya injini yenye mpira mrefu. Baada ya mavuno, punguzeni vilele.

*Muheza:* Nikipulizia mwaka huu, mwakani nipumzike?

Hapana, ndugu yangu. Zinki iliyoingia kwenye jani haihamii kwa wingi kwenye machipukizi yajayo. Tazama upya kila msimu, ukiona dalili ndipo upulizie. Na samadi na mbolea ya chini viendelee. Kupulizia hakulishi mti mzima.

*Handeni:* Mimi nimepulizia zinki misimu miwili, njano haiondoki. Jani moja lina mabaka upande huu, upande wa pili ni mengine kabisa. Matunda madogo, yamepinda, machungu.

Pole sana, mama. Mabaka yasiyolingana pande mbili za mshipa, pamoja na matunda yaliyopinda, yanaelekea ugonjwa wa griningi. Unaletwa na bakteria, unasambazwa na mdudu mdogo anayefyonza machipukizi, na pia kwa vikonyo vya kubebeshea, yaani vijitawi vya kuunganishia miche. Hauna tiba. Acha kununua zinki kwa ajili ya miti hiyo, mwite bwana shamba aithibitishe, na ikithibitika ing'oe yote na uichome. Kabla hajafika, usikate kikonyo hata kimoja hapo kumpa jirani.